Uchungu Uliogoma

Ukitaka kumkasirisha Esnath wa Lupepo, muulize kazi yake ni nini. Wenzake wote wanajibu bila kuumiza kichwa: mimi nachuma chai, mimi nalima viazi, mimi nauza ndizi pale barabarani. Yeye atakutazama kama umemtukania mama, atajifuta mikono kwenye kanga, halafu atakwambia ukae chini, maana jibu lake refu na lenyewe halina mwisho.

Zamani alikuwa mkunga. Alifundishwa na mama yake mkubwa, naye alifundishwa na wa kwake, na hapakuwa na mtu wa kuuliza maswali. Mwanamke akishikwa na uchungu anaitwa Esnath, Esnath anakwenda, mtoto anapokelewa, watu wanakunywa uji. Kisha likaja gari la serikali, enzi zile za ruksa, biashara ilipoachiwa huru, likawachukua akina mama kadhaa kwenda semina Tukuyu. Wakapewa kila mmoja sanduku la bati lenye mkasi, uzi, sabuni na karatasi ya nailoni ya kutandika. Wakaambiwa, ninyi ni wakunga wa jadi, pokeeni watoto kwa usafi. Esnath alirudi kijijini shingo imenyooka. Alinawa mikono mpaka viwiko kabla hata ya kumpa mtu maji ya kunywa.

Miaka haikuwa mingi, likaja gari jingine, na mtaalamu mwingine ndani yake. Huyu akasema kuanzia sasa msipokee. Kazi yenu ni kumsindikiza mama. Mtieni moyo, mkandeni mgongo, mpeni uji, tembeeni naye, na mumlete hospitali mapema. Esnath alinyoosha mkono akauliza, je, wale wa kwanza walikuwa wanatudanganya? Mtaalamu akacheka. Hapana mama, hawakuwadanganya, ila mambo yamebadilika.

Hilo lilikuwa kweli, mambo yalibadilika hata ukichoka kuyafuata. Chama cha ushirika kililala usingizi wa pono, kahawa ikawa inanunuliwa na mtu yeyote mwenye gunia na mdomo mtamu. Sabuni iliyokuwa ikitafutwa kwa tochi ikajaa madukani. Hospitalini nako ukaambiwa uje na glovu zako na wembe wako. Sasa katika vurugu hiyo, mama mmoja wa Lupepo ahangaike na kujua yeye ni mkunga, mkunga wa jadi au msindikizaji? Alikuwa na sheria tatu kichwani. Ya wazee, ya semina ya kwanza na ya semina ya pili. Zote zilikaa humo zikipigana vikumbo kama kuku kwenye tenga moja.

Basi ikaja siku ya Lusungu.

Ilikuwa masika, ile mvua ya Rungwe isiyojua kwamba kuna kesho. Kijiji kilikuwa kitupu, watu wamekwenda msibani Matwebe. Esnath alibaki kwa sababu goti lilikuwa linamsumbua. Yuko jikoni anapuliza moto, akasikia mtu anakohoa nje ya ua. Kikohozi cha adabu, cha mtu mzima. Akatoka, akamkuta Mzee Geresoni amesimama na kofia mkononi, mvua inamnyeshea kipara.

Geresoni ni mzee wa kanisa, tena mwenye migomba mingi, na soko lilipofunguliwa alikuwa miongoni mwa wa kwanza kununua pikapu ya kubebea ndizi. Mwanawe Ackson ndiye anayezisindikiza ndizi hizo kwa lori hadi Dar es Salaam, na wakati huo alikuwa huko huko. Mke wa mzee, Felista, alikuwa ameondoka na wenzake kwenda msibani.

"Mama Nelson," alisema mzee, macho yakiwa kwenye matope, "kule kwangu nyuma kuna mtu anaumwa, nimesikia akiguna."

"Mtu gani, Baba Ackson?"

Mzee akatazama mgomba. "Mtu wa ile nyumba ya nyuma."

Esnath akaelewa. Nyumba ya nyuma ni ya Ackson, na mtu wake ni Lusungu, mke wa Ackson. Mzee asingeweza kumtaja. Wanyakyusa wa zamani wana jambo lao wanaliita ukutila, maana yake kuogopa: mkamwana hamwoni baba mkwe wala hamsemeshi, na baba mkwe hamwoni yeye. Wakikutana njiani, binti anaingia migombani na kujifunika kanga mpaka mkwe apite. Vijana wengi wa mjini wamekwisha kuliacha. Kwa Geresoni lilikuwepo lote, halijapungua hata punje. Lusungu alikuwa amekaa pale tangu mavuno ya kahawa ya mwaka uliopita, anapika chakula ambacho mzee anakula kila siku, na mzee hajui pua yake inafananaje. Hata walipokwenda kumposa huko Matwebe, walikwenda ndugu zake na Felista. Yeye alitoa ng'ombe tu.

Esnath alimkuta Lusungu amepiga magoti sakafuni, ameng'ata pindo la kanga ili asilie. Tangu alfajiri yuko vile. Mlango wa nyumba yake unatazama ua anapokaa mkwe, na mkwe alikuwa uani anapanga mikungu ya ndizi, kwa hiyo asingeweza kutoka kwenda kumwita mtu.

"Ungekufa humu kimya kimya," alisema Esnath.

"Ningepita wapi, bibi?"

Kwa kweli angepita wapi. Esnath akavua viatu, akaanza kazi. Kwa kazi hiyo, jamani, hata mwenye wivu hawezi kumtoa kasoro. Alimnyanyua, akamzungusha chumbani taratibu, mikono yake miwili imeshika nyonga za binti, huku na huku. Uchungu ukija anamwegemeza begani kwake na kumwambia, puliza, puliza kama uji wa moto. Ukiondoka anamkalisha, anamkanda kiuno kwa kitambaa kilichochovywa maji moto, anampa uji wa ulezi kwa kijiko. Akimwona anaogopa anamsimulia vichekesho vya wanawake wengine: yule aliyemng'ata mumewe mkono, yule aliyeapa hatarudia tena na akarudia mara saba. Lusungu alicheka mpaka uchungu ukamkata kicheko katikati.

Mpaka hapo kila kitu kilikuwa sawa. Lakini jua, huko lilikojificha nyuma ya mawingu, lilipanda hadi utosini, na mtoto hakushuka. Uchungu unakuja wa nguvu, unakwenda, na hali ni ile ile. Esnath alishika tumbo. Kichwa kiko chini, vizuri kabisa. Mgongo uko upande unaotakiwa. Mtoto anacheza. Sasa anangoja nini?

Hapo ndipo kuku wa kwenye tenga walipoanza kupigana. Semina ya pili ikamwambia, mpeleke hospitali, ulitakiwa kumpeleka tangu ulipofika. Semina ya kwanza ikamwambia, mzazi wa kwanza huchelewa, tulia mama, nawa mikono usubiri. Na mama yake mkubwa, marehemu, akamwambia kutoka huko aliko: uchungu ukigoma, kuna neno limefichwa. Esnath aliwasikiliza wote watatu, akazunguka chumba, akachungulia dirishani, akarudi. Hakujua ashike lipi aache lipi. Mwishowe akashika la mama yake mkubwa.

"Mwanangu," alimwinamia Lusungu, "mficha uchi hazai. Una neno?"

"Neno gani, bibi?"

"Lolote. Umegombana na mama mkwe? Umemtukana mume moyoni? Umemkosea baba mkwe?"

Lusungu akageuzia uso ukutani. Halafu machozi yakaanza kumtoka, na Esnath akasema moyoni, kumbe lipo. Lilikuwa hivi. Siku moja alikuwa anatoka mtoni na ndoo kichwani. Kwenye kona akakutana uso kwa uso na mkwe wake. Akataka kuingia migombani, mguu ukateleza, ndoo ikaanguka, naye chini, kanga huko. Mzee akageuka haraka. Lakini huenda aliona. Hakumwambia mtu yeyote, hata Ackson.

"Ndilo hilo," alisema Esnath, na aliposema hivyo alihisi raha kabisa, kama mtu aliyeona sindano iliyopotea. Akatoka mbio mbio, goti na maumivu yake vimesahaulika.

Mzee alikuwa bado uani, ameacha ndizi, anatembea kutoka kwenye pikapu hadi kwenye ngazi na kurudi. Esnath akamweleza kisa cha ndoo. Geresoni alisikiliza mpaka mwisho.

"Nilimwona mgongo," alisema. "Mgongo na matope."

"Ulikasirika, Baba Ackson? Sema kweli, huu si wakati wa kuficha."

"Nilicheka."

"Ulicheka?"

"Maji yalimwagikia mbuzi wa jirani, akaruka. Nilicheka njia nzima hadi kanisani, nikashindwa kufungua kikao."

Esnath hakupenda jibu hilo. Alikuwa amekuja kutafuta hasira, amepewa kicheko, na kicheko hakikuwa na nafasi katika mambo aliyofundishwa. Akamwambia asamehe hivyo hivyo, hata kama hana cha kusamehe. Geresoni hakubisha. Akazunguka nyuma ya nyumba, akasimama akiwa ameupa ukuta mgongo, akachukua maji kinywani, akayapuliza chini. Akasema kwa Kinyakyusa kwamba yeye hana neno na mtoto huyu, na kama lipo asilolijua, liondoke na maji haya. Kisha, kwa sababu ni mzee wa kanisa, akaongeza Baba Yetu.

Wakangoja. Esnath alimtembeza Lusungu tena, akamkanda tena, akamwambia sasa mambo mepesi, njia imefunguka. Njia haikufunguka. Chupa ya uzazi ikapasuka, maji yakatoka na rangi ya majani yaliyooza, na uchungu badala ya kuongezeka ukaanza kulegea. Midomo ya binti ilikauka. Akawa anasinzia kati ya uchungu na uchungu, jasho lake limepoa. Akauliza kwa sauti ndogo, "Bibi, nimekosea nini kingine?" Esnath akamlowesha midomo kwa maji. Aliogopa, maana sasa alijua kwamba mmoja kati ya hawa wawili anaweza kuondoka, na pengine wote.

Alitoka nje. Kabla hajafungua kinywa, Geresoni alikuwa ameshaanza kushusha mikungu ya ndizi kutoka kwenye pikapu, anaitupa kwenye matope bila huruma, mikungu mizuri ya sokoni.

"Gari lipo hapa tangu asubuhi, Mama Nelson," alisema. "Mimi nilidhani wewe ndiye unayejua tunangoja nini."

Maneno hayo hayakuwa na ukali hata kidogo, na ndiyo maana yaliuma.

Walimpakia Lusungu nyuma, juu ya majani makavu ya migomba, turubai juu yake. Esnath akapanda naye, akamlaza kwa ubavu, kichwa mapajani kwake. Mzee aliingia mbele, na kabla ya kuwasha gari akakigeuza kile kioo cha kutazamia nyuma kikaelekea juu, kisimwonyeshe kitu. Wakaondoka. Esnath kule nyuma aliendelea na kazi ya semina ya pili, kumsindikiza mama. Puliza, mwanangu. Nishike hapa. Nibane mkono, uvunje kabisa, ninao mwingine. Huku akili yake inazunguka: kama si ndoo, ni nini? Je, ni Felista? Je, ni ule uji? Je, nilimtembeza kupita kiasi?

Kilima cha mwisho kabla ya barabara ya lami ndicho kilichowashinda. Pikapu ilipanda nusu, ikalia, ikateleza kiubavu ubavu mpaka gurudumu la nyuma likaingia mtaroni, ikakaa. Geresoni alijaribu mpaka moshi ukatoka. Kisha akashuka, akasimama mbele ya gari, mgongo kwao.

"Mama Nelson, haiendi."

Esnath alitazama huku na huku. Migomba, mvua, njia. Wenye nguvu zao wote wako Matwebe wanakula wali wa matanga. Akamshusha Lusungu, akajaribu kumbeba mgongoni. Hatua chache, goti likamkataa, wakaanguka wote wawili kwenye tope. Lusungu akaanza kutambaa. Kweli, alitambaa, tumbo lile, kuelekea kilimani, na mkwe wake amesimama hatua chache mbele, mwanamume mwenye mabega ya kubeba mikungu miwili kwa mpigo, anatazama mbinguni.

Katika semina zote mbili, hakuna mtaalamu aliyegusia jambo hili. Wala mama yake mkubwa. Esnath alikaa kwenye tope akatamani kulia. Halafu hasira ikamjia, na kwake hasira ilikuwa afadhali kuliko kutoelewa.

"Baba Ackson, njoo umbebe."

"Nitambebaje?" Mzee alizidi kutazama mbinguni. "Nitambebaje, mama, mke wa mwanangu?"

"Sitaki," Lusungu alisema huku chini, amejifunika kanga uso mzima. "Bibi, sitaki, nitakufa kwa aibu."

"Utakufa, ndiyo," alisema Esnath, "lakini si kwa aibu."

Akavua kitambaa chake cha kichwa. Akamwendea mzee, akamfunga macho, akafunga mafundo mawili nyuma, akamvuta kwa mkono wa koti mpaka alipokuwa binti. Geresoni akapiga magoti, akapapasa, akamwinua. Kilichofuata, Esnath mwenyewe akikisimulia hucheka na kufuta macho kwa pamoja. Mzee anapanda kilima haoni, mkamwana mikononi amefunikwa kama maiti, na Esnath mbele anamvuta: mguu wa kulia, jiwe hilo, zunguka, zunguka. Na kwa kuwa mkwe hasemi na mkamwana, ilibidi maneno yao yote yapitie kwake, ingawa masikio yalikuwa karibu kuliko unywele na unywele.

"Mama Nelson, mwambie anishike shingo, nisije nikamwangusha."

"Anasema umshike shingo."

"Mwambie nimeshika."

"Ameshika."

"Mwambie asiogope."

"Anasema usiogope."

Uchungu ukaja, Lusungu akalia kwa mara ya kwanza tangu alfajiri. Mzee akasimama akiwa amemkumbatia mpaka ukapita. Alikuwa anahema.

"Mwambie," alisema Lusungu, "mwambie pole kwa uzito."

Geresoni hakungoja hilo lipitishwe. Aliitikia kwa kichwa, akaendelea kupanda.

Walipofika lami, lori la majani ya chai lilikuwa linakuja kutoka upande wa Kiwira. Dereva alisimamisha mwenyewe, nani angepita tu baada ya kuona hali ile. Akateremka, akamsaidia binti kuingia, halafu akamtazama mzee kwa huruma.

"Pole, mzee. Umepofuka lini?"

"Leo," alijibu Geresoni, akapapasa njia ya kupanda kwenye majani.

Hospitalini kulikuwa na pilika. Muuguzi aliyewapokea aliitwa Veronika, mama mnene mwenye haraka, na alipomwona Lusungu hakuuliza habari za ndizi wala za barabara. Alimshika tumbo, akasikiliza, akaita daktari. Mzee alitumwa dukani kununua glovu, akatoka mbio kitambaa kikiwa kimening'inia shingoni. Daktari akaja, akapima, akamwambia muuguzi maneno mafupi: apasuliwe sasa hivi, mtoto anachoka, nyonga bado changa. Esnath akalidaka hilo neno la mwisho, akaligeuza geuza. Changa namna gani? Nyonga ni mfupa, unakuwaje mchanga kama ndizi? Hapakuwa na wa kumuuliza.

Walipoanza kumsukuma Lusungu kwenye kitanda cha magurudumu, Esnath alibaki mlangoni. Alikuwa anaogopa kukosea tena.

"Wewe ni nani wake?" Veronika alimwuliza.

Lile swali lenyewe. Si mama yake. Si shangazi. Kusema mkunga mbele ya muuguzi kungeleta kesi. "Nimemsindikiza," alisema.

"Sasa si umsindikize, unasimama nini hapo?"

Akawafuata. Alishika mkono wa Lusungu korido nzima, na binti akaubana kama alivyofundishwa. Karibu na mlango wa upasuaji akamvuta amwinamie.

"Bibi, nitakufa?"

Esnath alizoea kuwaambia wote, hapana, hufi. Wanawake wangapi amewaambia. Siku hiyo hakuweza.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Mimi leo sijui chochote. Ila nitakuwa hapa hapa mlangoni, hata wanifukuze."

Lusungu akaitikia kwa kichwa, na cha ajabu akatulia. Mlango ukafungwa.

Walikaa kwenye benchi, yeye na mzee, katikati yao kofia. Geresoni alisali kimya, midomo inatembea. Esnath hakusali. Alikuwa bado anapekua: ndoo, uji, Felista, mbuzi. Alipita huko na huko kichwani mwake kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba gizani, na kila alipogusa palikuwa ukuta. Mtoto alipolia ndani, hakusikia. Mzee ndiye aliyemshika bega. Ni wa kike, Veronika alikuja kuwaambia, amechoka lakini atapona. Mama yake amepoteza damu, tusubiri.

Wakasubiri usiku huo na siku iliyofuata. Lusungu alizinduka, akapandisha homa, ikashuka. Siku ya tatu alikunywa chai, akaomba nyingine, na hapo ndipo Esnath alipokumbuka tena goti lake.

Mzee alikuwa hajaondoka. Alilala kwa rafiki yake mmoja mjini, asubuhi anarudi kukaa kwenye benchi. Akamwomba Esnath amletee mjukuu amwone. Esnath akaingia wodini kumchukua mtoto, ndivyo inavyofanyika, mtoto anatoka, mkwe anamwona nje, na mama anabaki ndani na aibu yake.

"Aje mwenyewe," alisema Lusungu.

"Mwanangu, ni mkweo yule."

"Najua, bibi." Alikuwa anamnyonyesha mtoto, hakuinua hata macho. "Alinibeba kilima kizima. Acha aone alichobeba."

Esnath alisimama katikati ya wodi. Aliwaza amkatalie. Aliwaza aende kuuliza, lakini amuulize nani? Mwishowe akatoka, akasema maneno aliyotumwa, kama alivyofanya kule kilimani. Geresoni alivaa kofia, akaivua, akasimama.

Aliingia. Wodi ilikuwa na vitanda vingi, kila kitanda na mama yake. Mzee alisimama mlangoni akawatazama wanawake mmoja baada ya mwingine, kwa heshima, akimtafuta wa kwake. Macho yalimfikia Lusungu yakampita. Yakaenda mpaka ukutani, yakarudi, yakampita tena. Alimtazama kwa muda mama mmoja mnene wa pembeni, akainamisha kichwa kidogo kumsalimu.

Ilibidi Esnath amshike mkono wa koti, amwongoze mpaka kitandani.

"Huyu?" aliuliza mzee.

"Huyu, Baba Ackson."

Lusungu alikuwa amekaa na mito mgongoni, kichwa wazi, nywele zimesukwa mistari minne ya kitoto, mtoto kwenye kifua. Kola ya gauni la hospitali ilimpwaya ikashuka begani, mfupa umechomoza. Aliinua uso, akamtazama mkwe wake moja kwa moja, akatabasamu kwa woga. Geresoni hakumtazama mjukuu. Alimtazama yeye, uso, mikono, vifundo vile vyembamba, akarudi usoni. Kisha akavuta kiti akakaa.

"Mwanangu," alisema, na hakulipitisha neno hilo kwa mtu, "una miaka mingapi?"

"Krismasi ijayo natimiza kumi na sita, baba."

Mzee aliweka kofia usoni. Mabega yalimtikisika, yale yaliyobeba. Akina mama wa vitanda vya jirani waligeukia ukutani, wakamwachia nafasi yake. Alipoishusha kofia, alimgeukia Esnath, na macho yake hayakuwa na lawama, yalikuwa yanauliza tu.

"Mimi nilikatazwa kumwona, Mama Nelson. Ninyi mlikuwa mnamwona kila siku."

Esnath alifungua kinywa amjibu. Akamtazama Lusungu, ambaye alikuwa anaichezea pua ya mtoto kwa ncha ya kidole. "Nyonga changa," alisema.